Maharimu wa Bibi

Nilipokuwa na miaka kumi nilimwoza bibi yangu kwa simu. Simu yenyewe ilikuwa yake, bibi harusi alikuwa bafuni akitawadha, bwana harusi hakuwa na habari, na mashahidi walikuwa watu ishirini na wawili, wote wa grupu moja la wasapu. Sikutafuta ushauri wa mtu mzima. Nilitafuta wa Mutua, jirani yangu, ambaye mpaka leo tuko sekondari pamoja na bado anafunga kamba za viatu kama mtu anayefunga kuku.

Hayo yalinirudia juzi nikitafuta soksi ya shule. Nilivuta droo ya juu ya kabati la Bibi, ikaniangukia tarbushi nyekundu, na harufu yake ikanifikia kabla yake: udi, naftalini, na chini kabisa kitu kama ngozi mbichi. Bibi aliitoa Fesi, kule Moroko. Ameshona kofia za mkono tangu msichana, zile za vitobo vidogo ambazo moja humla miezi, na maisha yake yote alitaka kuuona mji wa tarbushi. Alipopewa hiyo mkononi, aliigeuza ndani nje akatafuta mshono. "Gundi," aliniambia aliporudi. "Nimevuka Afrika nzima naonyeshwa gundi." Lakini ameitunza kuliko vyombo vyake vya harusi, na mimi ndiye karibu nimnyime kuifikia.

Nyumbani kwetu mtaa wa Woodley, Nairobi, tulikuwa watatu. Baba, tangu aachane na Mama, ana nyumba nyingine Mombasa, na hiyo si hadithi ya leo. Mama, mtoto wa Bibi, ni karani katika ofisi moja Loresho, anarudi jioni amechoka na simu yake yenye tarakimu sita za siri ambayo hakuna mkono mwingine unaoigusa. Hilo sikuwahi kulishuku hata siku moja. Akili yangu yote ya upelelezi niliielekeza kwa Bibi, ambaye siri ya simu yake ilikuwa moja mbili tatu nne, kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka. Yeye alijua kubonyeza na kusema. Kusoma na kuandika humo ilikuwa kazi yangu, maana miwani yake haikupatikana isipokuwa ikikaliwa.

Safari iliandaliwa na Ustadhi mmoja mwenye ofisi mjini, orofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Kazi yake ilikuwa kupeleka watu Umra. Mwaka ule akaamua kupeleka kundi kuona miji ya kale ya Kiislamu, Fesi na Marakeshi, halafu siku tatu jangwani. Kila Jumamosi, miezi miwili, kundi lilikutana pale kufundishwa namna ya kuongozwa. Mimi nilimsindikiza Bibi kwa sababu kulikuwa na mahamri.

Nilidhani kuongozwa ni kitu mtu anazaliwa akijua. Kumbe kuna somo. Ustadhi alikuwa na mwavuli wa kijani, na watu wazima walimfuata kuzunguka meza, mwavuli ukienda kulia nao kulia, mwavuli ukisimama nao wanagongana. Aliwaambia vichochoro vya Fesi ni vyembamba kuliko vya Lamu, punda akija na mzigo mwenye punda anapiga kelele, na wewe unajibandika ukutani kama tangazo. Alileta kiti cha plastiki akakifanya ngamia. Ngamia, alisema, huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hiyo ukikaa juu yake egemea nyuma usije ukaingia Sahara kwa pua. Wazee walipanda kile kiti mmoja mmoja, Ustadhi akikiinua nyuma. Kila mmoja alipewa skafu ya kijani ili wasipoteane.

Jumamosi ya kwanza kabisa, mzee mmoja mrefu mwenye kanzu ya rangi ya maziwa alimtazama Bibi kutoka upande wa pili wa meza. Akasimama.

"Zena?"

Bibi aliweka kiganja mdomoni. Halafu walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Ustadhi akashusha mwavuli. Mimi nilikuwa na hamri mdomoni na nikasahau kutafuna.

Alikuwa Mzee Saidi. Aliishi Maskati miaka mingi, mkewe alikufa huko, akarudi Nairobi kukaa na binti yake mtaa wa Waithaka. Binti huyo naye alikuwa kwenye safari, kumwangalia baba yake. Zaidi ya hapo sikuelezwa, na kwa mtoto jambo lisiloelezwa ni sawa na lililokiriwa.

Ushahidi ulianza kujikusanya wenyewe. Mzee Saidi alianza kupiga simu, na Bibi alipoipokea Kiswahili chake kilibadilika kikawa cha kwao Lamu, cha haraka, ambacho nilishika neno moja kati ya manne. Alianza kuja nyumbani na halua. Alicheka kupita kiasi, hata mahali pasipo na kichekesho, na mimi kama mtaalamu wa vichekesho nilijua mtu anayecheka hivyo anaficha kitu. Lakini kubwa lilikuwa mtandio. Fundi wa bomba akigonga, Bibi anajifunika kichwa kabla ya kusema "nani". Mwenye nyumba akija, anajifunika. Mtoto wa miaka kumi na tano akileta maziwa, anajifunika. Mzee Saidi akiingia, mtandio unabaki mabegani, mvi zake zote nje, na mzee anambusu kwenye paji la uso kama mtu anayepiga muhuri.

Madrasa tulikuwa tumesoma hilo. Mwanamke hujifunika mbele ya kila mwanamume isipokuwa mumewe na maharimu wake, yaani watu ambao hawezi kabisa kuolewa nao: baba, mtoto, kaka, mjomba, mjukuu kama mimi. Mwalimu alisema maharimu ni wa namna tatu. Akaeleza ya kwanza, wale wa damu. Akaeleza ya pili, wakwe. Hapo mimi nikauliza kama mbuzi wa Idi naye ni maharimu, darasa likacheka, na namna ya tatu ilisomwa nikiwa nje nimesimama kwa mguu mmoja.

Halafu ikaja fomu. Bibi alinipa niipige picha tumtumie Ustadhi. Jina lake, pasi yake, maradhi yake, vyote kwa mwandiko wake mnene. Chini kulikuwa na kisanduku: Jina la Maharimu. Ndani yake, kwa mwandiko mwingine uliolala upande, limeandikwa jina la Mzee Saidi, majina yote matatu. Kisanduku kilichofuata kiliuliza Uhusiano. Hicho kilikuwa kitupu.

Nilipiga hesabu. Baba yake Bibi alikufa, Babu pia. Kaka hakuwahi kuwa naye. Alizaa wasichana watupu. Kilichobaki ni kimoja.

"Buda, hiyo ni rahisi," Mutua aliniambia tukiwa tumekalia ukuta wa nyuma. "Shosho yako ameolewa."

"Ataolewaje na hatujakula pilau?"

"Ndio maana inaitwa siri. Hiyo safari sasa ndiyo fungate. Watu wakioana wanaenda mahali pana mchanga."

"Mchanga wa baharini, Mutua."

"Mchanga ni mchanga. Wakirudi anahamia Waithaka kwa huyo mzee. Wewe utapewa hicho chumba peke yako, bahati yako."

Nilimsukuma akaanguka kwenye majani. Nilikuwa nalala chumba cha Bibi tangu nizaliwe. Nilijua anavyokohoa mara mbili kabla ya alfajiri, nilijua sauti ya sindano yake ikitoboa kitambaa. Sikutaka bahati hiyo.

Jioni ile Mama alikuwa jikoni akizungumza na shangazi yake kwa simu, kwa ile sauti ya chini watu wazima wanayodhani watoto hawaisikii. "Huyo mzee sijui ni nani," alisema. "Namtazama mama, nanyamaza." Basi. Kama Mama naye alishuku, mimi sikuwa mjinga. Nilikuwa na mwenzangu.

Kilichonimaliza ni radhi. Kwetu mtu akisafiri mbali huomba radhi kwa kila mtu, amsamehe kama alimkosea, maana hakuna ajuaye. Nilijua watu hufanya hivyo wakienda Hija. Sikujua mtu hufanya hivyo akienda kuangalia tarbushi. Zikiwa zimebaki siku tano, Bibi aliniita, akanishika mikono yote miwili. "Mjukuu wangu, kama nilikukosea, kama nilikupiga bila sababu, nisamehe."

"Ulinipiga na sababu," nikamwambia.

"Basi nisamehe kwa zile sababu ambazo sikuzijua."

Mtu anayerudi haombi msamaha hivyo. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Akaenda kutawadha. Simu ilikuwa juu ya kitanda. Niliandika, na maneno ninayo kichwani mpaka leo kwa sababu nililazimishwa kuyasoma kwa sauti mara tatu:

"Asalam alekum. Mimi siendi tena. Nimeolewa na mzee Saidi kwa siri na watoto wangu hawajui. Naona aibu. Nipeni radhi zenu nyote. Bi Zena."

Nilitegemea kimya. Nilidhani watu wenye heshima wakisoma jambo la aibu hunyamaza. Wa kwanza alijibu mashaallah. Wa pili akatuma maua. Wa tatu, mama mmoja wa South C, alituma ujumbe wa sauti, kidole changu kikaugusa, na nyumba nzima ikajaa vigelegele. Kisha vya mwingine. Bibi alitoka bafuni maji yakimtiririka viwikoni.

"Nani kaolewa?" akauliza, akitabasamu.

Na hapo, kwenye kioo, ikatokea ile sentensi ndogo ya kijivu: binti yake Mzee Saidi ametoka kwenye grupu.

Bibi hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alijifunika mtandio, mbele yangu mimi, akaketi, akasema soma. Nikasoma. Akasema soma tena. Niliposoma mara ya tatu akasema, "Mke wa Saidi hana hata mwaka kaburini."

Mama aliingia na viatu mkononi. Habari zilishamfikia, hizi hazihitaji njia.

"Mama, ni kweli?"

"Waniuliza wewe?"

"Nauliza kwa sababu sijui. Miezi miwili mtu anaingia hapa, kichwa chako kiko wazi, na mimi najifanya naangalia sufuria."

"Uliona, na hukuuliza."

"Niliogopa jibu."

"Jibu si langu. Ni la Saidi, na nilimwahidi marehemu mama yangu kulifunga. Nimelifunga." Bibi alichukua skafu ya kijani, akaikunja mara nne. "Jumamosi nitawarudishia watu skafu yao. Siwezi kufuata mwavuli na watu nyuma yangu wanacheka."

Mama alinigeukia mimi. Alinyamaza siku nne, na mtu asiyemjua mama yangu hawezi kuelewa uzito wa hiyo adhabu.

Jumamosi Mama alinipeleka mjini, amenishika kifundo cha mkono kama mfuko wa viazi. Watu wote walikuwepo. Mzee Saidi alikaa karibu na dirisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona hacheki. Binti yake alikuwa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuaga tu. Bibi aliweka skafu juu ya meza.

"Huyu mtoto ana la kusema," Mama akasema.

Nilisema. Nilisema simu ilikuwa mkononi mwangu, Bibi alikuwa anatawadha, hakuna aliyeolewa na yeyote ninayemjua. Mtu nyuma akanong'ona, "Kumbe huyu ndiye kadhi," na wawili wakacheka kwa pua. Siku nyingine ningecheka nao.

Ustadhi aliitoa ile fomu kwenye faili, akapitisha kidole mpaka chini. "Lakini hiki kisanduku," akasema polepole, "hakihitajiki. Hii ni fomu ya Umra. Nilifuta Makka nikaandika Moroko, hiki nikasahau kukifuta. Wenzake wote wamekiacha wazi. Bi Zena, nani alikujazia?"

Bibi aliisogeza skafu mezani.

"Mimi," akasema Mzee Saidi.

Alisimama. Alishika kiti cha ngamia, akaegemea.

"Nilijaza mimi. Hakuomba. Nina miaka sitini na minane na sijawahi kuona karatasi yenye jina langu na la huyu pamoja, nikaona kisanduku kinauliza, nikaandika. Nilipofika kwenye uhusiano nikaogopa. Mama yangu aliponizaa aliugua akili. Alinikataa. Alisema mimi si wake, hakutaka hata kunishika. Mama yake Zena alikuwa na Zena kifuani, wa wiki tatu. Akanichukua, akanipa upande wa pili. Miaka miwili. Baba yangu aliomba isisemwe, mtaa usije ukamcheka mama yangu. Mama akapona, akanipenda, akanilea, akafa, na hakuna aliyewahi kumtaja kwa hilo. Namtaja mimi leo, kwa sababu naona heshima ya huyu imeliwa kulinda yangu."

Mimi nilikuwa natafuta pa kuficha uso. Namna ya tatu. Waliochangia ziwa moja ni ndugu, hawaoani, hawafichani nywele. Namna ya tatu niliyoikosa nikiwa nje kwa mguu mmoja, kwa sababu ya mbuzi wa Idi.

Cherehani za duka la chini zikasikika. Binti yake Mzee Saidi alisimama. Nilidhani anatoka, nadhani sote tulidhani hivyo. Alikwenda mezani, akachukua skafu ya kijani, akaikunjua ile mikunjo minne, akamwekea Bibi mabegani.

"Shangazi," alimwambia. "Kule ni baridi usiku."

Bibi alimshika uso. Yule mama wa South C alianza kigelegele, Ustadhi akainua kidole, mama akakimeza kigelegele chake.

Kisha Ustadhi akanisukumia fomu na kalamu. "Haya, mwandishi. Kisanduku kimebaki kitupu." Nikaandika: ndugu wa ziwa moja. Niliandika kwa haraka mpaka "ziwa" likafanana na "zawa". Mzee Saidi akaja kuangalia juu ya bega langu, akasoma, akasoma tena, ndipo akacheka, kile kicheko chake cha kupita kiasi. Sikukiona tena kimezidi.

Walisafiri. Kabla ya kutoka nilimwomba Bibi radhi, kwa utaratibu, mikono yote miwili. "Nimekusamehe," alisema. "Na namba za siri za simu nimebadilisha." Alibadilisha mwenyewe. Mpaka leo sijui alifunzwa na nani, ila nina mtu ninayemshuku.

Sauti zake zikaanza kuja kwenye simu ya Mama. Fesi punda alimsukuma ukutani na yeye akamsukuma punda. Mahali pa kutengenezea ngozi palinuka hata wakapewa majani ya mnanaa wayabandike puani, na Mzee Saidi akayala. Ua wa msikiti mmoja ulikuwa na vigae vidogo vimepangwa kimoja kimoja, akakaa chini akavihesabu kama vitobo vya kofia mpaka mwavuli ukampotea.

Ya mwisho ilikuja Jumapili mchana, mimi na Mama tukichambua mchele. Ilikuwa ya jangwani. Upepo kwanza, mrefu, halafu Bibi: "Wanangu, hapa hakuna kitu. Hakuna hata kitu kimoja. Nimepanda ngamia, nimeegemea nyuma kama tulivyofunzwa. Saidi hakuegemea." Na nyuma yake kicheko cha mtu mwenye mchanga mdomoni.

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye vumbi la mchele. Simu yake ikalia tena. Nilidhani ni Bibi. Mama aliitazama, akaigeuza kifudifudi kwenye ungo, na tabasamu likambaki usoni, jipya, lisilo la Bibi. Nilimtazama. Nilitazama simu. Nilimtazama yeye.

Hapo ndipo aliposema, bila kuinua macho, akiokota jiwe moja dogo kwenye mchele:

"Siku ukiona jina la mtu kwenye fomu yangu, niulize mimi kwanza. Usimuulize Mutua."